Maadili ya Confucius na falsafa ya vitendo: Somo linaloonekana Mackinnon Road

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea Voi hupita, kabla ya kutimiza kilomita 100, katika mji mdogo wa Mackinnon Road, kwenye pembe kavu ya Kaunti ya Kwale ambako minazi imekwisha na nyika imeshika. Kando ya reli ya zamani pana msikiti, na hapo msikitini pana kaburi la Sayyid Baghali Shah, mtu aliyetoka Punjab kuja kujenga Reli ya Uganda na akazikwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20.

Masimulizi ya kaburi hilo yanajulikana sana miongoni mwa madereva wa njia hiyo. Husemwa kwamba karai alilopaswa kulibeba kichwani halikumgusa, bali lilielea juu yake alipokuwa akitembea. Hadi leo wapo madereva na abiria wanaosimama hapo, wakavua viatu, wakaomba dua, wakatoa sadaka, kisha wakaendelea na safari. Wanaosimama si Waislamu peke yao.

Mgeni akitaka kuielewa desturi hiyo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza: watu hawa wanaamini nini? Swali hilo halimfikishi mbali. Muislamu, Mhindu na Mkristo waliosimama pamoja hawana imani moja kuhusu kaburi hilo, na wapo Waislamu wengi wanaoipinga kabisa desturi ya kuomba makaburini. Wanachoshiriki waliosimama ni kitendo: kupunguza mwendo, kuvua viatu, kunyamaza, kutoa.

Kuna mikondo miwili ya falsafa ambayo ingeanza na kitendo hicho kabla ya kufika kwenye imani. Mmoja ni maadili ya Confucius, yaliyozaliwa China zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Wa pili ni pragmatizimu, falsafa iliyoanzia Marekani katika karne ya 19, inayopima wazo kwa tofauti linayoleta katika maisha. Mikondo hii ilianza mbalimbali, bila kujuana, lakini wapo wanafalsafa wa leo wanaoiona kuwa na undugu.

Kulileta suala hili Kwale si kwa sababu ya kaburi tu. Mji huo sasa unapitiwa na reli nyingine, ile ya kisasa ya SGR, kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya China kwa mikopo ya China na kuzinduliwa Mei 31, 2017. Treni zake za abiria hazina kituo Mackinnon Road, hupita tu. Zaidi ya miaka kumi kabla ya uzinduzi huo, Desemba 2005, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimefungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika, ili kufundisha lugha na utamaduni wa China.

Hivyo jina la mwanafalsafa huyo limezoeleka nchini. Mawazo yake hayajazoeleka kwa kiasi hicho, na mara nyingi hufupishwa kuwa watu wa China huwatii wakubwa wao. Ufupisho huo una hatari yake. Kibarua anayefanya kazi chini ya msimamizi aliyetoka China anaweza kuambiwa, au akajiambia mwenyewe, kwamba kunyamaza mbele ya mkubwa ndiko maadili yenyewe.

Utu ni watu wawili

Confucius alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo (KK) katika dola ndogo ya Lu, mashariki mwa China, akafariki mwaka 479 KK. Alitafuta mtawala ambaye angeyatekeleza mawazo yake, hakumpata, na sehemu kubwa ya maisha yake ikawa ya kufundisha. Kitabu kinachobeba mafundisho yake, kiitwacho Mazungumzo, kilikusanywa na wanafunzi na wafuasi wake baada ya kifo chake.

Neno kuu katika kitabu hicho ni ren. Wafasiri wa Ulaya wamehangaika nalo kwa muda mrefu, wakijaribu huruma, wema, ukarimu na upendo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika, kwani lugha yake inalo neno lenyewe: utu. Herufi ya Kichina ya ren imeundwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili. Katika karne ya nne KK, Mencius, mfuasi mkubwa wa Confucius, alieleza kwamba maana ya ren ni kuwa mtu. Waswahili wanayo kauli iyo hiyo, mtu ni utu, na mshairi wa Mombasa Ahmad Nassir Juma Bhalo aliitungia utenzi mzima uliochapishwa mwaka 1979. Mtafiti Kai Kresse, katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu fikra za wanazuoni wa Mombasa, aliuchambua utenzi huo na kuonyesha jinsi utu unavyodhihirika kwa vitendo.

Neno la pili ni li. Mwanzoni lilitaja ibada na kafara, lakini kwa Confucius linahusu pia salamu, namna ya kula na wenzako, kumpokea mgeni, kuzika na kuomboleza. Mswahili angeliita ada, na hangekosea sana. Mtoto wa Pwani hufundishwa kutoa shikamoo kabla hajajua maana yake. Mwili hujifunza kwanza, moyo hufuata, na siku moja mtoto aliyekuwa akitamka tu hujikuta anaheshimu kweli. Hivyo ndivyo Confucius alivyoelewa malezi: ada ni njia ambayo utu hupitia kuingia ndani ya mtu.

Kuhusu mizimu na mambo ya ghaibu alikuwa mwangalifu mno. Mwanafunzi alipomuuliza namna ya kuihudumia mizimu, alimrudisha kwanza kwenye kuwahudumia walio hai. Alishauri ghaibu iheshimiwe bila kukaribiwa sana. Lakini yeye mwenyewe alipotoa kafara alitulia kana kwamba anaowatolea wapo mbele yake. Hakulifunga swali kama kweli wapo. Dereva anayevua viatu Mackinnon Road kana kwamba mwenyeji amekaa hapo anamtazama, angeeleweka vyema na mwalimu huyo.

Kamba ya dau

Pragmatizimu ilianza kama hoja kuhusu maana ya maneno. Mwaka 1878, Charles Sanders Peirce wa Marekani aliandika kwamba ili kulielewa wazo, lazima tufikiri litaleta tofauti gani katika utendaji. Kusema kamba ya dau ni madhubuti ni kusema kwamba tanga likijaa upepo wa kusi kamba hiyo haitakatika. Ukiondoa hayo na mengine ya aina hiyo, hakuna kinachobaki katika neno madhubuti. William James aliieneza falsafa hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1907, naye John Dewey, aliyeishi kuanzia 1859 hadi 1952, akaiingiza kwa undani zaidi katika maadili, siasa na elimu.

Kwa Dewey, kanuni za maadili si amri zilizoshuka zikiwa kamili. Ni zana zilizotengenezwa na uzoefu wa waliotangulia, na kama zana zote, hutumiwa, hupimwa na pengine hunolewa upya. Lakini hakumwona mwanadamu kama mtu anayekaa peke yake kila asubuhi akipiga hesabu ya faida na hasara. Katika kitabu chake cha mwaka 1922 kuhusu hulka ya binadamu na mwenendo, alieleza kwamba sisi ni mazoea yetu, na mazoea hayo tunayapata kwa kuishi na wengine. Hapo ndipo anapokutana na Confucius. Wote wawili hawamjui yule mtu mpweke ambaye falsafa nyingi za Ulaya humchukulia kuwa ndiye mwanzo wa hoja.

Msomaji asije akadhani kwamba pragmatizimu inasema lolote lenye manufaa ni kweli. Dhana hiyo imeenea na inaipunja falsafa yenyewe. Chukua tena mfano wa kaburi. Dereva aliyesimama kwa robo saa amepumzika katika barabara inayojulikana kwa ajali, amewakumbuka waliobaki nyumbani, na amekumbuka kwamba yeye pia anaweza kufa. Hayo ni matokeo, na yana uzito. Lakini akiamini kwamba sadaka imekwisha kumlinda, kisha akaingia barabarani na tairi zilizolika, hayo nayo ni matokeo, na Dewey angeyaweka katika hesabu ile ile.

Mgeni wa mwaka 1919

Mikondo hii haikukutanishwa na wanazuoni wa vyuoni tu. Ilikutana ana kwa ana. Dewey aliwasili Shanghai mwishoni mwa Aprili 1919, siku chache kabla ya Mei 4, siku ambayo wanafunzi wa Beijing waliingia mitaani kupinga uamuzi wa mataifa makubwa wa kuipa Japani haki zilizokuwa za Ujerumani katika mkoa wa Shandong. Shandong ndiko alikozaliwa Confucius. Dewey alikusudia ziara fupi, lakini alikaa hadi Julai 1921, akitoa mihadhara katika miji mingi huku mwanafunzi wake wa zamani, Hu Shi, akiwa miongoni mwa waliomfasiria.

Kejeli ya historia ni kwamba vijana waliomshangilia Dewey ndio hao hao waliotaka kumtupa Confucius. Kwao, mwalimu wa kale alikuwa ndiye ndoa za kulazimishwa, wanawake waliofungiwa ndani na vijana wasioruhusiwa kusema. Hata hivyo, Oktoba 1919 Dewey alipotimiza miaka 60, siku hiyo iliangukia sikukuu ya kuzaliwa kwa Confucius kwa kalenda ya mwezi, na mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking, Cai Yuanpei, aliwalinganisha wawili hao katika karamu: walimu wote wawili, mmoja wa zama za kale na mwingine wa zama mpya.

Baadaye wote wawili waliangukia fungu moja. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikomunisti ya China iliendesha kampeni dhidi ya mawazo ya Hu Shi na Dewey. Mwaka 1973 na 1974 ikawa zamu ya Confucius kulaaniwa hadharani. Utawala wa chama hicho hicho ndio ambao miongo mitatu baadaye ulisafirisha jina lake hadi Nairobi.

Kofia ya hariri na kaniki ya Kinondo

Anayedhani Confucius alitaka kila kitu kibaki kilivyokuwa asome habari ya kofia. Ada ya zamani ilitaka kofia ya ibada iwe ya kitani. Katika zama zake watu walikuwa wakivaa ya hariri, kwa kuwa ilikuwa nafuu zaidi kutengeneza. Confucius alisema yeye anafuata watu. Lakini ada ilitaka pia mtu ainame chini ya ngazi kabla ya kupanda ukumbini, na watu walikuwa wameanza kuinama baada ya kupanda. Hilo alilikataa, akasema ni kiburi, na kwamba ataendelea kuinama chini hata kama anapingana na wengi.

Mfano huo mdogo umebeba mengi. Mabadiliko ya kwanza yanapunguza gharama bila kugusa heshima ambayo ada hiyo inailea. Ya pili yanaigusa. Confucius haulizi ni desturi ipi ya zamani zaidi, wala haulizi wengi wanafanyaje; anauliza badiliko hili litamfanya mtu awe nani. Dewey angelilenga swali hilo hilo.

Jambo linalofanana na hilo linaonekana katika upande mwingine wa Kwale, baharini, kwenye msitu wa Kaya Kinondo karibu na Diani. Kwa karne nyingi kaya za Wamijikenda zilikuwa mahali pa makazi na baadaye pa maziko na matambiko, zikilindwa na miiko: usikate mti, usitoe kitu msituni. Miiko hiyo iliihifadhi misitu midogo ambayo pengine ingekuwa imekwisha zamani, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Wadigo wa Kinondo waliamua kuruhusu watalii waingie wakiongozwa na wenyeji, na ada wanayolipa isaidie jamii. Hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko kofia ya hariri. Lakini mgeni, awe tajiri wa namna gani, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na huambiwa mapema yasiyofaa kufanywa ndani. Mlango umefunguliwa, kuinama kumebaki. Waliofikia uamuzi huo hawakuhitaji kumsoma Confucius wala Dewey, na wasingekosa la kuwaambia.

Majina na kambi

Confucius aliwahi kuulizwa angeanza na jambo gani kama angepewa nchi kuitawala. Alijibu kwamba angeanza kwa kurekebisha majina. Mwanafunzi wake aliliona jibu hilo kuwa la ajabu, na msomaji wa leo anaweza kuliona hivyo pia. Maana yake ni kwamba mtawala asiyetenda ya mtawala hastahili jina hilo, na kwamba majina yakipotoka, adhabu nazo hupotoka, na mwananchi hajui aweke wapi mkono wake.

Mackinnon Road inalielewa somo hilo kwa uchungu. Jina la mji ni la barabara iliyoanza kujengwa mwaka 1890 na kampuni ya Mskoti William Mackinnon. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilijenga hapo bohari kubwa ya kijeshi. Kisha, Aprili 1954, baada ya msako mkubwa wa Nairobi dhidi ya Mau Mau, maelfu ya watu walikamatwa na kupelekwa katika kambi, zikiwamo Manyani na Mackinnon Road. Serikali ya kikoloni ilikuwa na msamiati wake: watu walichujwa, wakapangwa kuwa weupe, wa kijivu au weusi kulingana na walivyodhaniwa kuwa hatari, na safari yao kambini ikaitwa urekebishaji.

Kwa kanuni ya Peirce, neno urekebishaji halina maana zaidi ya yale yaliyotendwa kwa jina lake: watu kufungwa bila kesi, kazi za kulazimishwa, kipigo. Kwa Confucius, hapo ndipo jina lilipopotoka. Wanafalsafa hawa wanafika mahali pamoja kwa njia mbili, na wote wanamtaka msikilizaji aangalie mikono ya msemaji.

Nani apime?

Hata hivyo, undugu huu una mpaka, na kuuficha ni kumdanganya msomaji. Tofauti kubwa ni juu ya mamlaka ya kupima.

Mencius alitaja mahusiano matano: mzazi na mwana, mtawala na raia, mume na mke, mkubwa na mdogo, rafiki na rafiki. Ni la mwisho tu lenye usawa. Pwani inalo tano lake. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alimfundisha bintiye kwamba radhi anazozihitaji ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mafundisho yote mawili yana upole na busara nyingi. Yote mawili pia yanaweza kugeuzwa kuwa fimbo mkononi mwa aliye juu.

Ni kweli kwamba kwa Confucius na Mencius wajibu huenda pande zote. Mencius alithubutu kusema kwamba mtawala anayewatendea maafisa wake kama taka asishangae wakimwona adui. Kwa kipimo hicho, malalamiko ya ubaguzi na dharau yaliyotolewa na Wakenya waliofanya kazi kwenye SGR, na kuchapishwa magazetini mwaka 2018, hayawezi kuzimwa kwa kutaja heshima ya Kichina. Mkubwa asiyetimiza yake amekwisha kuivunja ada yeye kwanza. Lakini hata hapo, kwa Confucius, mdogo anachopewa hasa ni haki ya kumkumbusha mkubwa kwa adabu. Dewey alitaka zaidi: kila anayeguswa na matokeo ya uamuzi awe na sauti katika kuufanya.

Habari ya Zai Wo, mwanafunzi mkaidi, inaonyesha mpaka huo ulipo. Ada ilitaka mtoto awaomboleze wazazi wake kwa miaka mitatu. Zai Wo aliona mwaka mmoja unatosha, kwani miaka mitatu ingeharibu shughuli nyingine, ibada na muziki vikiwamo. Ni hoja ya matokeo, tena ya haki kujadiliwa. Nyumba nyingi za Pwani zimejadili gharama za matanga na arobaini kwa namna hiyo hiyo. Confucius alimuuliza kama moyo wake ungetulia akila wali mzuri na kuvaa mavazi mazuri baada ya mwaka mmoja. Zai Wo akasema ndiyo. Basi fanya, akaambiwa. Alipotoka, mwalimu alisikitika mbele ya wengine kwamba kijana huyo hana utu, kwani mtoto hubebwa na wazazi kwa miaka mitatu kabla ya kushuka mikononi mwao.

Jibu hilo ni zuri, na linagusa moyo. Lakini lilitolewa mhusika akiwa amekwisha kuondoka. Hoja yake kuhusu shughuli zitakazoharibika haikujibiwa.

Kenya ilikuwa na mwanafalsafa aliyeligeuza pengo hilo kuwa utafiti. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alizunguka akiwahoji wazee wenye hekima na kuwatenga katika makundi mawili: wale wanaozijua na kuzieleza vyema mila za watu wao, na wale wanaozijua lakini pia wanazihoji. Alisisitiza kwamba wa kundi la pili wapo vijijini, hata miongoni mwa wasiojua kusoma. Ukimtazama Confucius kwa jicho hilo, wa kofia ya hariri yumo katika kundi la pili. Wa Zai Wo anaelea katikati.

Wanafalsafa wa zama hizi wamejaribu kuliziba pengo hilo kwa kuwasoma wawili hao pamoja. David Hall na Roger Ames walimsoma Confucius kwa msaada wa pragmatizimu katika kitabu cha mwaka 1987, na Tan Sor-hoon wa Singapore akafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kitabu kinachotetea demokrasia ya Kiconfucius iliyojengwa juu ya Dewey. Wakosoaji wao husema Confucius wanayempata amefanana mno na Mmarekani. Pengine wana haki kwa sehemu.

Singapore yenyewe ilijaribu njia rahisi zaidi. Katika miaka ya 1980 ilifanya maadili ya Confucius kuwa moja ya masomo ya kuchagua katika shule za sekondari. Wanafunzi wachache walilichagua na likaondolewa. Kenya nayo ilikuwa na somo la elimu ya jamii na maadili katika mfumo wa 8-4-4, nalo likaondolewa. Confucius na Dewey wangekubaliana haraka kuhusu chanzo cha matatizo: mwenendo mwema haupatikani kwa kukariri majibu ya mtihani.

Mkono wa ndugu

Kinachobaki ni swali gumu kuliko yote kwa msomaji wa Kenya, la ndugu na ofisi. Mtawala mmoja alijisifu kwa Confucius kwamba kwao kuna mtu mnyofu hata alimshtaki baba yake kwa kuiba kondoo. Confucius alijibu kwamba kwao unyofu ni tofauti: baba humsitiri mwana, na mwana humsitiri baba. Jibu hilo limewasumbua wasomi hadi leo, na ni rahisi kusikia ndani yake sauti ya afisa anayesema huyu ni mtu wetu. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilikataza upendeleo wa kindugu, na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inadai uadilifu wa viongozi. Dewey angeziunga mkono bila kusita. Kondoo aliyeibwa ana mwenyewe, na mwenyewe huyo hayupo katika mazungumzo ya baba na mwana.

Mencius aliulizwa swali hilo kwa ukali zaidi: kama baba wa mfalme Shun angeua mtu, mfalme angefanyaje? Alijibu kwamba hakimu angemkamata baba huyo, na mfalme hangekuwa na haki ya kumzuia hakimu. Mwanafunzi aliuliza tena: basi mfalme afanyeje? Mencius akasema Shun angekitupa kiti cha enzi kama mtu anayetupa kiatu kilichochakaa, ambebe baba yake mgongoni kwa siri, wakimbie hadi ufukoni mwa bahari, aishi huko kwa furaha na kuisahau dola. Kwa maneno mengine, anayetaka kumkinga ndugu yake anaweza kumkinga, lakini aanze kwa kukabidhi ofisi.